Kufungua kwa Pembeni: Sataranji, Rungwe na Vita vya 1914–1918

Kuna neno moja ambalo kila ninapolikuta katika nyaraka za mipango ya maendeleo hunifanya niweke kalamu chini: "pembezoni". Tunasoma juu ya mikoa ya pembezoni, wilaya za pembezoni, jamii za pembezoni. Mimi nimezaliwa Lufingo, wilayani Rungwe, na katika utoto wangu hakuna mtu aliyejua kwamba tunaishi pembezoni. Mlima Rungwe ulikuwa katikati; vitu vingine vyote, Mbeya, Kyela, hata hiyo Dar es Salaam ya kwenye redio, vilikuwa mbali nao, vingine zaidi, vingine kidogo. Neno hilo halielezi mahali penyewe. Linaeleza mahali alipoketi aliyeshika ramani.

Katika makala haya nataka kulichunguza neno hilo kwa kupitia mlango ambao huenda baadhi ya wasomaji wangu wasiutarajie. Nitaanza na mchezo wa sataranji, na hasa namna moja ya kuufungua ambayo wataalamu wake huiita ufunguzi wa pembeni. Kisha nitakwenda kwenye historia ya milima yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo majenerali wa pande zote mbili walicheza mchezo wa aina hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba kete zao zilikuwa na wake, watoto na mashamba.

Nimekuwa nikicheza sataranji na wanafunzi wangu kwa miaka kadhaa, jioni baada ya vipindi. Mwanafunzi anayeanza hufundishwa jambo moja kabla ya yote: kamata katikati. Ubao una miraba 64, lakini minne ya katikati ndiyo yenye thamani kuliko mingine, kwa kuwa kete iliyosimama hapo hufika kila upande haraka. Kwa hiyo anayeanza husogeza kete ndogo, zile nane za mstari wa mbele ambazo wanafunzi wangu huziita askari, na kuzisimika katikati kama anayepiga mambo ya mpaka wa shamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu rasmi ya Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari Siegbert Tarrasch, Mjerumani aliyeifundisha kwa ukali wa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, hakuwa na subira na mtu aliyefikiri vinginevyo.

Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza, baada ya kunitazama nikicheza, "Mwalimu, mbona katikati umemwachia mwenzako?" Swali zuri. Jibu lake lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1843, mjini Paris, Mwingereza Howard Staunton alipambana na Mfaransa Saint-Amant, na katika baadhi ya michezo yao alianza kwa kusogeza kete ndogo iliyo mbele ya askofu wa upande wa malkia badala ya zile za katikati. Ufunguzi huo hadi leo huitwa wa Kiingereza. Lakini waliougeuza uamuzi huo kuwa nadharia kamili walikuja baada ya vita, katika miaka ya 1920: Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, na Richard Réti, mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria. Hoja yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Kuitawala katikati si lazima uikalie. Unaweza kuielekezea nguvu zako kutoka mbali, ukamwachia mpinzani aijaze kwa kete zake, kisha ukazigeuza kete hizo kuwa shabaha. Alichodhani ni ngome yake kinakuwa mzigo wake, maana sasa analazimika kukilinda.

Réti huanza na farasi. Kisha husogeza kete ndogo ya pembeni, halafu hufungua nafasi ndogo kando ya mfalme ili askofu akae pale na kuutazama mshazari mrefu unaokatiza ubao mzima, kona hadi kona. Hatua hizo hazitangazi nia. Mpinzani akijenga katikati, atashambuliwa. Asipojenga, Réti ataikalia mwenyewe baadaye. Mpangilio uleule unaweza kugeuka kuwa aina nne au tano tofauti za mchezo kwa kadiri mpinzani anavyojibu. Huo ndio unyumbufu wake: uamuzi mkubwa unaahirishwa mpaka mwenzako awe amefanya wa kwake.

Mashindano ya New York ya mwaka 1924 ndiyo yaliyoipa nadharia hii jina. Tarehe 22 Machi Réti alimshinda José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia, ambaye hakuwa amepoteza mchezo wa mashindano tangu 1916. Lakini mimi huwaonyesha wanafunzi mchezo mwingine wa mashindano hayohayo, ule alioucheza na Bogoljubow, kwa kuwa ndani yake wazo linaonekana wazi zaidi. Maaskofu wa Réti wamekaa pembeni, mmoja kila upande. Kete ndogo iliyo mbele ya mfalme wake haijagusa katikati mpaka hatua ya 15. Inapoingia, kila kitu kinafunguka kwa mara moja, mishazari yote miwili inapata uhai, na kufikia hatua ya 25 Bogoljubow amesalimu amri. Mchezo huo ulipewa tuzo ya uzuri.

Si dawa ya kila ugonjwa, hata hivyo. Katika mashindano hayo hayo mzee Emanuel Lasker, ambaye ndiye aliyeibuka mshindi wa jumla, alimfunga Réti aliyekuwa akicheza ufunguzi wake mwenyewe. Lasker hakushawishika kujitanua. Alisimika kete chache imara, akatoa askofu wake nje mapema, akangoja. Anayefungua kwa pembeni hulipa kwa muda na kwa nafasi. Mpinzani asipokosea, deni hilo linabaki mezani.

Wazee wetu hawangehitaji kusafiri New York kulielewa hili. Likizo iliyopita, pale Lufingo, niliketi na mzee mmoja anayecheza bao kwa namna inayowakatisha tamaa vijana. Katika bao la namua kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 ghalani ambazo hajaziingiza ubaoni, na nyumba yake ina mtaji ambao wengi wana pupa ya kuutumia. Sheria inakulazimisha kula unapoweza kula. Hiari yako iko katika kuchagua unakula kuelekea upande gani na, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, kama unalala au unasafiri. Mzee yule hasafiri. Analala, analala tena, anamwacha kijana ajaze mstari wake wa mbele kwa furaha. "Mwanangu," aliniambia, "mwache avune. Mzigo akiubeba yeye, mimi nitaupokea njiani." Baada ya hapo alisafisha upande wa kijana kwa mkono mmoja na hatukumaliza hata chai.

Sasa twende kwenye vita.

Mwaka 1914 Rungwe ilikuwa kona ya kusini-magharibi ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Makao ya wilaya yalikuwa Neu Langenburg, mji ambao leo tunauita Tukuyu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wamefika huku tangu 1891, lakini kwa gavana aliyeketi Dar es Salaam hii ilikuwa pembeni kabisa. Katikati, kwa maana ya kijeshi, ilikuwa reli: ile ya Tanga hadi Moshi, na ile ndefu ya Dar es Salaam hadi Kigoma iliyokamilika mwaka huohuo wa 1914. Kutoka ziwani kuja Tukuyu hapakuwa na reli wala barabara ya magari, bali njia za miguu zenye tope katika nchi inayopokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts alishambulia kutoka kaskazini, kandokando ya Kilimanjaro, akilenga reli. Huko ndiko kulikokuwa na majeshi makubwa, mizinga, magari na waandishi wa habari. Huku kusini-magharibi alikuwapo Brigedia Jenerali Edward Northey akiwa na wanajeshi wapatao 2,600, waliotawanywa kutoka Karonga kando ya Ziwa Nyasa hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, karibu na Ziwa Tanganyika. Tarehe 25 Mei 1916 aliwavusha mpaka kwa safu nne zilizoachana mbali. Lengo lilikuwa kuzizingira ngome ndogo za Wajerumani mpakani kabla hazijaungana. Katika hilo hakufaulu sana: vikosi vya Wajerumani kule Luwiwa na Namema vilipenya usiku vikaondoka. Lakini mwishoni mwa mwezi huo Tukuyu ilichukuliwa bila vita. Wajerumani waliiacha.

Ukiitazama ramani kwa jicho la mchezaji wa sataranji, utaona mara moja kilichotokea. Northey hakuwa na nguvu ya kwenda katikati, wala hakutakiwa kwenda. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mshazari mrefu unaoanzia Rungwe, unaopita Njombe, Malangali na Iringa, na kuelekea ubavuni mwa reli ya kati. Kwa kuwapo tu mahali pale, alimlazimisha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutenga watu wa kumkabili, watu ambao wangehitajika dhidi ya Smuts. Tarehe 24 Julai vikosi vyake vilishinda pale Malangali, na tarehe 29 Agosti vikaingia Iringa. Siku sita baadaye, tarehe 4 Septemba, Dar es Salaam ilisalimu amri. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Vitabu vingi vya vita hivi huishia hapo kumsifu Northey katika aya mbili, kisha humrudia Smuts.

Lakini mshazari mrefu una ncha mbili na hauna upana. Wajerumani walioondoka Tabora chini ya Jenerali Kurt Wahle walishuka kusini-mashariki ili kuungana na Lettow-Vorbeck, na njia yao ilikatiza moja kwa moja kwenye mstari wa Northey. Oktoba na Novemba 1916 mstari huo ulikatwa vipande. Iringa, Malangali na Lupembe zilijikuta kila moja ikipigana peke yake. Sehemu ya watu wa Wahle ilikamatwa Ilembule mwishoni mwa Novemba, wengine walipita. Februari 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na wenzake, akageuka kuelekea magharibi, na kuivuruga nchi yote iliyo kaskazini mwetu kabla ya kupanda Tabora. Yeye mwenyewe alijisalimisha mwezi Mei akiwa mgonjwa. Kikosi chake, chini ya Heinrich Naumann, kiliendelea kuzunguka hadi Oktoba.

Na Lettow-Vorbeck? Huyu ndiye anayenivutia zaidi kama mwanafunzi wa mikakati, na ndiye anayenitia hasira zaidi kama mtoto wa Lufingo. Kufikia mwishoni mwa Septemba 1916 alikuwa amepoteza reli zote mbili, bandari zote kubwa na makao makuu ya koloni. Kwa elimu ya Tarrasch mchezo ulikuwa umekwisha. Akaendelea kwa miaka miwili zaidi. Aliiacha katikati kwa makusudi na kuwaachia Waingereza mzigo wa kuilinda, kuilisha na kuitibu malaria. Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Septemba 1918 alirudi, akapita Songea na nchi ya Njombe, akazunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa kupitia nyanda zetu, akashambulia Fife mwanzoni mwa Novemba na kuingia Kasama tarehe 9. Habari za kusitishwa kwa vita zilimfikia kwenye mto Chambeshi tarehe 13, siku mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, bila kushindwa, kama wapenzi wake wanavyopenda kusema.

Miaka sita kabla Réti hajaketi mbele ya Capablanca, basi, nadharia yote ilikuwa imekwisha kuchezwa kwenye milima na mabonde ya Tanganyika: usikalie katikati, mfanye mpinzani ajitanue, badili umbo kwa kadiri anavyojibu, ahirisha uamuzi. Kuna wanahistoria wa kijeshi wanaoandika juu ya kampeni hii kwa furaha ileile ninayoiona kwa mwanafunzi aliyegundua mshazari wa askofu. Nawaelewa. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo sataranji haiwezi kulifundisha, kwa sababu ubao umetengenezwa ili usilifundishe.

Katika sataranji mraba usio na kete ni mtupu. Hakuna anayelima humo.

Ufunguzi wa pembeni hugharimu muda na nafasi, nilisema hapo juu. Kwenye ubao gharama hiyo hulipwa na mchezaji. Huku kwetu ililipwa kwa vichwa vya watu, kwa maana halisi kabisa: mizigo ilibebwa kichwani. Risasi, unga, dawa na mahema ya Northey vilipanda ziwa kwa meli, vikashushwa Karonga au Mwaya, na kuanzia hapo vilitembea. Mbung'o na maradhi mengine vilifanya wanyama wa mizigo wasitegemewe. Fanya hesabu, msomaji. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi na alihitaji walau kilo moja ya chakula kwa siku. Kutoka Tukuyu hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa siku, kwenda ni siku 12, na kurudi ni 12 nyingine. Akila kutoka katika mzigo wake mwenyewe, anafika na kilo 13, na akitenga za kurudia hubaki na moja. Kwa hiyo ama apewe mpagazi wa pili wa kumbebea chakula, naye atahitaji wa tatu, ama ale cha wenyeji wa njiani. Yote mawili yalifanyika. Kila kilomita ambayo mshazari wa Northey uliongezeka kwenye ramani ya makao makuu iliongeza watu njiani kwa namna isiyoonekana kwenye ramani hiyo.

Upande wa Nyasaland watu hawa waliitwa tengatenga. Upande wa Kenya na pwani, kikosi chao kwa Kiingereza kiliacha jina ambalo kila Mtanzania hulitamka bila kulifikiria: Kariakoo. Wajerumani nao waliwakamata wapagazi wao, na kwa kuwa hawakuwa na meli za kuwaletea chakula, waliishi kwa kuchukua. Jeshi linalotembea na kubadili njia kila wiki huvuna mahali ambapo halikupanda, na halirudi kulipa. Vijiji vilivyokuwa kwenye njia ya safu ya kwanza ya mwaka 1916 vilijikuta kwenye njia ya safu ya nne mwaka 1918. Wanaume waliochukuliwa hawakulima. Wasiochukuliwa walijificha porini, nao hawakulima. Homa kuu ya mafua ya 1918 iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Hukadiriwa kwamba Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi zaidi ya milioni moja katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, na kwamba wapatao 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti juu ya jinsi himaya ilivyowakumbuka watu wake waliokufa katika vita hivyo. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Angalia upana wa makadirio hayo. Tofauti kati ya 116,000 na 350,000 ni watu 234,000 ambao hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama wamo au hawamo. Mizigo ilihesabiwa vizuri zaidi, na aliyewahi kufanya kazi katika hifadhi ya nyaraka za kikoloni atanielewa.

Nikiyasema haya darasani, mara nyingi mwanafunzi mmoja huuliza kama basi mkakati wa namna hii ni mbaya kwa asili yake. Sidhani. Nchi yetu iliupata uhuru wake kwa mkakati wa aina hiyo. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kwa mtu wa kukamata katikati, jibu lilikuwa dhahiri: kuukataa mpango huo wa kibaguzi mchana kweupe. Mwalimu Nyerere alitaka chama kiingie, kitumie mlango huohuo wa pembeni, kiugeuze uchaguzi wa mkoloni kuwa mzigo wa mkoloni mwenyewe. Wajumbe walibishana vikali. Hoja ya Nyerere ilishinda, wengine hawakuridhika, na Zuberi Mtemvu aliondoka akaunda chama chake. TANU iliufagia uchaguzi ule, na Desemba 1961 bendera ilibadilishwa.

Lakini tazama tofauti. Waliotakiwa kuvumilia fedheha ya kura tatu ndio waliokuwa ukumbini Tabora. Walisikia hoja, wakaipinga, wakaipigia kura, na aliyekataa aliondoka kwa miguu yake. Mwaka 1916 hakuna mtu wa Rungwe, wa Karonga au wa Njombe aliyeulizwa kama yuko tayari kuwa mshazari wa mtu mwingine.

Hapa ndipo ninaporudi kwa ndugu zangu watumishi wa umma, maana najua baadhi yenu mnanisoma mkiwa ofisini. Neno "unyumbufu" limekuwa maarufu katika mipango yetu. Mpango mnyumbufu unasifiwa kwa sababu unaacha milango wazi: barabara inaweza kupita huku au kule, mradi unaweza kuanza mwaka huu au ule, eneo linaweza kutwaliwa au kuachwa. Kwa anayepanga, huo ni uhuru. Kwa mkulima wa migomba ambaye shamba lake limepigwa alama nyekundu ya X na ambaye ameambiwa asiendeleze chochote mpaka uamuzi utoke, uhuru huo ni miaka yake. Nimeiona alama ya namna hiyo kwenye ukuta wa nyumba ikipauka kwa mvua hadi ikawa ya waridi, na mwenye nyumba hajaambiwa neno. Gharama ya kuahirisha uamuzi huwa haikosi mlipaji. Swali ambalo karatasi ya mpango ingepaswa kulijibu katika ukurasa wake wa kwanza ni nani huyo, na kama anajua.

Pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye makutano ya barabara yenye shughuli nyingi, imesimama tangu 1927 sanamu ya Askari, bunduki mbele, singe ikielekea bandarini. Waingereza waliisimamisha kwa ajili ya Waafrika waliopigana, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Wanatajwa kwenye maandishi; aliyesimama ni askari. Umbali mfupi kutoka hapo ni Kariakoo, ambako mizigo bado inabebwa.

Kwa likizo hii nimewapa wanafunzi wangu wanaotoka Rungwe, Kyela, Njombe, Makete na Iringa kazi ndogo. Wanakwenda na karatasi yenye maswali matano: jina la mpagazi, kijiji alichotoka, alichukuliwa na nani, alifika wapi, na kama alirudi. Wazee walioviona vita hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, na majina katika nchi yetu hurithiwa. Karatasi zilizokwisha kunirudia ni chache, na nyingi zina jibu katika swali la kwanza na la mwisho tu. Kutoka Lufingo ninayo majina manne. Msomaji mwenye jina la tano, la kutoka kijiji chochote kwenye njia ile ya Mwaya hadi Iringa, naomba aniletee, hata kama hana zaidi ya jina.